Ardhi ni Shahidi: Uhakiki wa Elimu ya Makazi ya Kale katika Mwambao wa Nyasa

Wapo wanaoamini kuwa historia ya mahali huanza pale masimulizi ya wazee yanapoanza, na kwamba pasipo magofu wala vigae hapakukaa watu. Fikra hiyo ilikwisha kanushwa Olduvai. Fuvu alilogundua Mary Leakey mwaka 1959 halikuweza kujitajia umri. Yalipimwa majivu ya volkano ya matabaka yale, na mwaka 1961 ikatangazwa miaka ipatayo milioni 1.75. Tangu hapo elimu ya miamba na elimu ya mambo ya kale zimekuwa ndugu. Lakini undugu huo nao wahitaji kuhakikiwa, na mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma watupa nafasi njema ya kufanya hivyo.

Tuchukue Kihagara, iliyokuwa katika Wilaya ya Mbinga kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Nyasa. Mbele ni ziwa. Nyuma nchi inapanda kuelekea milima ya Umatengo. Mgeni hudhani ufuko umekuwa hapo siku zote. Sivyo. Mwaka 1915 maji ya ziwa yalipungua hata yakaacha kutoka kwa mto Shire, ambao ndio mlango wake wa pekee. Mto ukarejea kutiririka mwaka 1935. Hayo yalitukia katika umri wa mtu mmoja. Matope yaliyochimbuliwa chini ya ziwa mwaka 2005 yanaeleza makubwa zaidi: kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita palitokea ukame mkali, na kuna nyakati maji yalishuka kwa zaidi ya mita 500. Basi mtafiti anayepita ufukoni leo, asione zana za mawe, kisha akaandika kuwa hapakuwa na watu, amekosea. Makazi ya waliofuata maji yaweza kuwa yamefunikwa na ziwa au na mchanga. Kutoonekana si kutokuwapo.

Ng'ambo ya ziwa, Karonga nchini Malawi, zana za mawe zimepatikana kwa wingi katika udongo uliosombwa kutoka vilimani. Mwaka 2021 Jessica Thompson na wenzake walitoa hoja kwamba yapata miaka 85,000 iliyopita watu walichoma nchi kwa moto, misitu isirudi ingawa mvua ilikuwapo, na udongo ukaporomoka. Twaipokea hoja hii kwa heshima, maana yamwonyesha Mwafrika wa kale akiibadili nchi yake. Hata hivyo, mkaa uliomo katika matope hausemi ni nani aliyewasha moto. Radi nayo huwasha. Nguvu ya hoja haimo katika mkaa peke yake, bali katika kukutana kwa mkaa, chavua, udongo na zana.

Upande wetu lipo onyo jingine. Wamatengo hulima miteremko kwa ngoro: hulaza nyasi zilizofyekwa katika miraba, huzifunika kwa udongo, na katikati hubaki mashimo yanayoyazuia maji ya mvua yasiuchukue udongo. Mtaalamu akipima udongo uliojikusanya bondeni na kuukuta mchache, aweza kuandika kuwa vilima vile havikulimwa, kumbe vililimwa kwa ustadi! Hapo ndipo ilipo kasoro ya sayansi isiyouliza. Udongo ni shahidi mkweli, lakini haujitafsirii wenyewe. Jembe la mkulima na kauli ya mzee ni sehemu ya ushahidi huo.

Kwa hiyo mwalimu wa historia na mwalimu wa jiografia hawana budi kufundisha pamoja. Wawapeleke wanafunzi kwenye korongo lililokatwa na mvua, wachore matabaka yake, wawaulize wazee habari za maji na mashamba, na kigae wakikiona wakiache mahali pake. Kigae kilichong'olewa katika tabaka lake kimenyang'anywa nusu ya ushahidi wake. Na taifa linaloachia ushahidi wake upotee hivyo litasimuliwa historia yake na wengine.