Juzuu kwa Juzuu

Katika maazimio ambayo watu hujiwekea mwaka unapoingia, liko moja lisilo na makuu wala kishindo, nalo ni la kusoma vitabu virefu: si vingi, bali virefu, vile ambavyo mwenyewe huvipangusa vumbi mara nyingi kuliko anavyovifunua. Nami nimejiwekea azma hiyo, na kabla ya kuisifu sina budi kuitetea, maana wako wanaodhani kwamba kitabu cha kurasa elfu hudai subira tu, ilhali kukisoma ni ufundi wenye kanuni zake, na kanuni iliyo kubwa kupita zote ni kujua kugawa.

Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa kanuni hiyo. Kurani ina juzuu 30, na katika mwezi wa Ramadhani mwenye kutaka kuhitimu husoma juzuu moja kila siku, akafika mwisho pamoja na mwezi. Na katika hitima ya marehemu juzuu hizo hugawiwa wasomaji walioketi jamvini, huyu akapewa ya kwanza na yule ya saba, na msahafu mzima ukatimia katika kikao kimoja. Hasha, sithubutu kulinganisha maneno ya Mola na hadithi zilizotungwa na waja. Nasema tu kwamba aliyelelewa katika desturi hiyo hana udhuru wa kuogopa unene wa kitabu.

Watunzi wa tenzi nao waliyajua haya. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufariki kwake, una beti zipatazo 3,000 juu ya vita vya dunia vya 1939 hata 1945. Mwenye kuuandama kwa macho matupu, kimya, kama asomavyo gazeti, atachoka mapema, kwa kuwa majina ya miji na majemadari humiminika bila huruma. Lakini ausome kwa sauti, ijapokuwa ya chini, naye atatambua jinsi ulivyoundwa upate kuchukulika. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane: vitatu vya kwanza vina kina chao kinachobadilika ubeti kwa ubeti, na cha nne hurejea kina kile kile, kiitwacho bahari, tangu mwanzo hata tamati. Hapo ndipo sikio hupata kituo kila baada ya mizani 32, msomaji akashusha pumzi, kisha akaendelea. Urefu wa tenzi za kale ulikusudiwa baraza la wasikilizaji, na aliyesinzia kidogo hakukosa kikubwa.

Ulaya nako waligawa kwa namna yao. Le Comte de Monte-Cristo cha Alexandre Dumas kilitoka vipande vipande gazetini Paris tangu 1844 hata 1846, na Bleak House cha Charles Dickens kiliuzwa kwa matoleo ya kila mwezi, 1852 hata 1853. Wasomaji wao wa kwanza walingoja kwa lazima; sisi, tuliopewa yote ndani ya jalada moja, tunadhani tumeamriwa kuyameza.

Ninachokisoma sasa ni Vita na Amani cha Leo Tolstoy, kilichokamilika mwaka 1869. Kina sura 361, nyingi fupi, hata asomaye moja kila siku humaliza karibu mwaka mzima, nami sioni ubaya. Kilichonitisha ni majina, maana Natasha huyo huyo ndiye Natalya Ilyinichna, na ndiye binti Rostov. Basi nikakata karatasi ngumu, upande mmoja nikaandika jamaa za Rostov, upande wa pili za Bolkonsky, ikawa ndiyo alama yangu ya ukurasa. Na siku zilivyopita nikawa siigeuzi tena. Hapo ndipo faida ya urefu ilipodhihiri. Andrei Bolkonsky hujeruhiwa Austerlitz mwaka 1805, akalala chali akiitazama mbingu. Anapojeruhiwa tena Borodino, mwaka 1812, msomaji wa sura moja kwa siku amekwisha kukaa na mbingu ile miezi kadhaa, kati yake amelipa kodi, ameugua, amezika na kuoza, hivyo huikumbuka kama akumbukavyo jambo lililompata mwenyewe. Kitabu chembamba, hata kikiwa kizuri namna gani, hakina muda wa kumfanyia mtu hivyo.

Sisemi kwamba kila ukurasa una utamu. Sehemu ya mwisho kabisa haina mhusika hata mmoja, ni hoja tupu juu ya historia na hiari ya mwanadamu. Wako wanaoiruka, nami siwalaumu, ingawa nimeazimu kuisoma.

Baada yake utafuata Utenzi wa Rasi'l-Ghuli wa Mgeni bin Faqihi, wenye beti zaidi ya 4,000. Huo sitausoma peke yangu: nimemwendea mzee mmoja wa mtaani mwenye sauti, naye ameridhia kupokezana nami kila baada ya sala ya isha, kwa sharti kwamba kahawa na halua ziwe juu yangu.