Kitabu cha Kwanza: Jinsi Kongamano la Northfield Lilivyodumu

Kuanzisha kongamano si kazi ngumu. Wakipatikana watu wawili wenye ari, ukumbi, na mkuu wa chuo anayesikiliza, shughuli imeanza. Ugumu huja mwaka wa nne au wa tano, shamrashamra zikiwa zimepoa na waanzilishi wamekwisha kuwaalika marafiki zao wote. Ndiyo maana nimevutiwa na Chuo Kikuu cha Norwich, kilichopo Northfield, mji mdogo wa jimbo la Vermont nchini Marekani. Kongamano lake la waandishi wa mambo ya kijeshi lilianza mwaka 1996, na waliolianzisha wamekwisha kufariki bila lenyewe kufa.

Waanzilishi walikuwa wawili. Carlo D'Este, mhitimu wa chuo hicho mwaka 1958 na luteni kanali mstaafu, aliandika maisha ya majenerali Patton na Eisenhower. Mwenzake, W.E.B. Griffin, alikuwa mtunzi wa riwaya za kijeshi zilizosomwa na umma mkubwa. Mwanahistoria na mtunzi wa riwaya kwenye meza moja: kwa hatua hiyo tu, kongamano lilikwepa kuwa mali ya idara moja ya chuo. Jina walilipa la William Colby, aliyeruka kwa parachuti mwaka 1944 katika Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, na baadaye akaliongoza shirika la ujasusi la CIA kuanzia 1973 hadi 1976. Colby alifariki Aprili 1996.

Uamuzi ulioliokoa kongamano, kwa maoni yangu, ulikuja mwaka 1999 ilipoanza kutolewa Tuzo ya Colby. Tuzo hii hupewa kitabu cha kwanza cha mwandishi, kiwe cha historia au riwaya, kinachosaidia watu kuelewa historia ya kijeshi, ujasusi au mambo ya kimataifa. Sharti hilo la kitabu cha kwanza ndilo injini yenyewe. Mwandishi mwenye jina kubwa ana mialiko tele. Huja, husoma hotuba aliyoisoma kwingine, huondoka. Mwandishi mpya hufika akiwa bado na uchungu wa kazi yake, na hukaa kujibu maswali. Tena waandishi wapya hawakosekani. Kila mwaka vitabu vyenyewe huchagua vita vitakavyozungumzwa, na kamati haibaki ikikuna kichwa kutafuta mada.

Tazama kitabu kilichoshinda mwaka 2000, Stolen Valor. B.G. Burkett, mfanyabiashara wa Texas aliyetumikia jeshi Vietnam, alikiandika pamoja na mwandishi wa habari Glenna Whitley. Burkett alichukua simulizi za watu waliojitangaza kuwa mashujaa wa vita vile, kisha akaomba serikalini kumbukumbu zao za utumishi na kuvilinganisha viwili hivyo. Wapo waliovaa nishani ambazo hawakuwahi kutunukiwa. Wapo ambao hawakukanyaga Vietnam kabisa. Kitabu alikichapisha mwenyewe mwaka 1998. Kwa mwanafunzi wa historia, hapo pana somo zima la mbinu: ushuhuda wa mtu aliyekuwepo ni mwanzo wa kazi, na karatasi ya utumishi ndiyo inayoupima. Simulizi ya vita inauma, na kwa sababu inauma watu huona haya kuihoji. Burkett aliihoji, akiwa mwenyewe mmoja wa maveterani hao.

Miaka iliyofuata ilileta watu wa kila namna. Nathaniel Fick, mshindi wa 2006, alikuwa ofisa wa kikosi cha Marine cha Marekani huko Afghanistan na Iraki. Ian Toll, wa 2007, alitoka kwenye kazi za fedha akaandika juu ya merikebu sita za kwanza za jeshi la majini la Marekani. Dexter Filkins wa 2009 alikuwa mwandishi wa gazeti. Karl Marlantes, wa 2011, alikaa na riwaya yake ya Vietnam zaidi ya miaka 30 kabla haijachapishwa.

Fedha? Mshindi hupata dola 5,000, mchango wa Jennifer Pritzker, kanali mstaafu aliyeanzisha maktaba ya kijeshi Chicago mwaka 2003. Si kitita cha kumng'oa mtu nyumbani kwake. Manufaa yake ni kwamba fedha hizo zinatoka nje ya chuo.

Kinachomvuta mwandishi Northfield, naamini, ni wasikilizaji. Norwich ilianzishwa mwaka 1819 na Alden Partridge, aliyewahi kukiongoza chuo cha kijeshi cha West Point, akitaka raia wafundishwe uaskari pamoja na elimu ya kawaida. Hadi leo kadeti wenye sare husoma pamoja na wanafunzi raia. Kadeti anapouliza ofisa afanye nini akipewa amri mbaya, haulizi kwa udadisi wa kitabuni: baada ya miaka mitatu huenda amri hiyo ikamfikia yeye.

Griffin alifariki Februari 2019, D'Este Novemba 2020. Kufikia hapo kongamano lilikuwa limekwisha kuwa shughuli ya chuo, na sasa liko chini ya Kituo chake cha Amani na Vita.

Nina dai moja nalo. Katika vitabu nilivyovitaja, Mvietnam na Mwiraki wanaonekana kwa macho ya Mmarekani. Bao Ninh, askari wa jeshi la Vietnam Kaskazini, alikuwa na riwaya yake juu ya vita vilevile ikisomeka kwa Kiingereza kabla ya 1996. Ningetamani kumwona ameketi na Marlantes jukwaani Northfield, na kadeti akiwauliza wote wawili swali lake la amri mbaya.