Safari ya Kichwa cha Mbwa Hadi Temeke Veterinari

Temeke kuna eneo linaloitwa Veterinari, na wengi wanaoshuka pale hawana habari na mifugo. Wanakwenda sokoni, kazini au nyumbani. Hata hivyo jina lile lina mwenyewe. Pale ndipo ilipo maabara kuu ya mifugo ya taifa, ambayo tangu 2012 iko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Maabara ya aina hii hupokea damu, viungo na vichwa vya wanyama wanaoshukiwa kuwa na maradhi, na baadhi ya maradhi hayo humuua binadamu pia. Nje ya uzio kuna nyumba, maduka na watoto wanaokwenda shule.

Ni nini basi kinachozuia vya ndani visitoke nje? Ukiuliza mtaani utaambiwa ni kuta na mashine. Mimi nasema ni utaratibu: nani anaanza kufanya nini, nani anafuata, na nani anakagua. Kuona jinsi utaratibu huo unavyofanya kazi, tufuate sampuli moja, kichwa cha mbwa, tangu kinapokatwa hadi mabaki yake yanapokuwa taka.

Tuseme mbwa asiyejulikana amemuuma mtoto Mbagala, kisha akafa. Jambo la kwanza halihusu maabara kabisa. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Majibu ya maabara hayasubiriwi, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huua.

Baada ya hapo ndipo tunapomrudia mbwa. Kirusi hiki hukaa kwenye ubongo, kwa hiyo kipimo kinahitaji ubongo, na kuupata lazima mtu akate. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika safari nzima, na hapana hata mashine moja. Shoka likipasua fuvu, vipande vya mfupa na matone huruka usoni. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii hutumia njia nyingine: kichwa kikishatenganishwa na shingo, mrija mgumu wa plastiki hupitishwa kwenye tundu kubwa la nyuma ya fuvu, pale uti wa mgongo unapoingilia, ukavuta kipande cha ubongo bila kupasua mfupa. Anayefanya hivyo anatakiwa awe amechanjwa mapema, avae glovu nzito, barakoa na kinga ya macho.

Kisha sampuli hufungwa kwa tabaka tatu: chombo kisichovuja, kitu cha kunyonya majimaji pamoja na chombo cha pili kisichovuja, halafu kasha gumu la nje lenye maandishi na barafu. Kichwa ndani ya kiroba chini ya kiti cha daladala hakina hata tabaka moja kati ya hizo. Kila abiria aliyemo ameingizwa maabara bila koti.

Njia nyingine ya kupunguza hatari ni kupunguza safari zenyewe. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliotumia sampuli za ubongo kutoka kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na ukaonyesha kwamba kipimo cha rangi kinachosomwa kwa hadubini ya kawaida kinatambua kichaa cha mbwa vizuri. Kipimo cha zamani huhitaji hadubini ya pekee inayosoma mng'aro, na hiyo haipatikani kila wilaya. Kipimo kikisogea karibu na mbwa, vichwa vinavyosafiri hupungua, na hilo peke yake ni usalama.

Tukibadilisha ugonjwa, utaratibu nao hubadilika. Ng'ombe akifa ghafla akivuja damu isiyoganda puani na njia ya haja, shaka ya kwanza ni kimeta, na amri ni kutompasua. Bakteria wa kimeta wakikutana na hewa hujifunga ndani ya mbegu ngumu zinazoweza kuishi ardhini kwa miongo. Hivyo huchukuliwa damu kidogo tu ya sikioni, inapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya bluu. Spiriti ya asilimia 70, ambayo wengi wetu tunaiamini kwa kila kitu, haiziui mbegu hizo. Linganisha na chanjo ya mdondo ya I-2, ambayo kirusi chake hakiwadhuru hata kuku. Anayeandaa chanjo hiyo na anayesoma damu ya kimeta wote ni watu wa maabara ya mifugo, lakini hatari zao haziko daraja moja. Hii ndiyo hoja ambayo Shirika la Afya Duniani liliitilia mkazo 2020, katika toleo la nne la mwongozo wake wa usalama wa maabara: anza kwa kupima hatari ya kazi yenyewe, halafu uchague kinga.

Ndani ya maabara, sampuli yenye hatari hufunguliwa kwenye kabati la usalama. Feni huvuta hewa ya chumba iingie kwa uwazi wa mbele, na hewa inayotoka hupita kwanza kwenye chujio linalonasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikroni 0.3. Mbele ya kifua cha mtaalamu hujengeka pazia la hewa. Pazia hilo huchanika kirahisi: mkono unaoingia na kutoka kwa haraka, mlango unaofunguliwa nyuma yake, pangaboi lililowashwa kwa sababu ya joto la Dar es Salaam. Umeme ukikatika, pazia linakufa papo hapo. Mtaalamu aliyefunzwa hamalizii tone la mwisho. Anafunika chupa, anashusha kioo, anatoka.

Haya yote yalijifunzwa kwa gharama, na sehemu ya gharama ililipwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1930, wanakondoo wengi walikufa karibu na Naivasha, Kenya, na wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete wakakitambua kirusi cha homa ya Bonde la Ufa. Walioshughulika nacho wakaugua. Kilipopelekwa kwenye maabara za Uingereza na Marekani, watafiti wa huko nao wakaambukizwa, na 1934 ikachapishwa taarifa ya mtafiti aliyekufa. Damu na ini la mnyama mgonjwa hujaa kirusi hicho, na matone yasiyoonekana yanatosha kuambukiza. Mwaka 2007 ugonjwa huo huo ulipozuka Tanzania, watu 144 walikufa. Mkono unaopokea chupa ya damu Temeke unatakiwa kuikumbuka Kabete.

Zimebaki taka, na hapa ndipo nataka msomaji atulie nami. Otoklevu, mashine ya kuua vimelea kwenye taka, huua kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa angalau dakika 15, lakini dakika hizo huhesabiwa pale joto linapofika katikati ya mzigo. Mfuko uliojazwa ukashindiliwa unaweza kutoka na moto nje, katikati vimelea vikiwa hai. Ndiyo sababu huwekwa humo mbegu za bakteria sugu za majaribio: zikiota baada ya kutolewa, mashine imeshindwa hata kama mshale wake ulisoma sawa. Jiki iliyochanganywa na maji nayo huisha nguvu, hasa kwenye joto, kwa hiyo huchanganywa upya kila siku.

Mambo haya yanaonekana madogo hadi uyaone yalikoachwa. Mwaka 2019, kiwanda cha chanjo ya brusela huko Lanzhou, China, kilitumia dawa ya kuua vimelea iliyokwisha muda wake. Hewa ya kiwandani ikatoka na bakteria hai, upepo ukaipeleka kwenye taasisi ya utafiti wa mifugo iliyo jirani na mitaani, na zaidi ya watu 3,000 wakathibitishwa kuambukizwa. Miaka 12 kabla yake, Agosti 2007, ugonjwa wa miguu na midomo ulilipuka kwenye mashamba ya Surrey, Uingereza, kwa aina ya kirusi iliyohifadhiwa maabara tangu 1967. Wachunguzi waliishia kwenye mabomba mabovu ya maji taka ya eneo la Pirbright, mahali penye maabara za hadhi ya juu duniani.

Katika visa hivyo viwili, kilichoshindwa kilikuwa tarehe kwenye dumu na nyufa kwenye bomba, vitu ambavyo kwa kawaida tunamwachia mhudumu wa usafi na fundi bomba. Nasi pia tunatengeneza chanjo za mifugo hapa Kibaha, kwa hiyo somo la Lanzhou ni letu.

Nasema haya kwa kuwa najua bajeti zinavyopangwa. Kabati jipya huzinduliwa kwa utepe. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya ukaguzi wa chujio wa kila mwaka, betri ya kushikilia kabati umeme unapokatika, au ukarabati wa bomba la chini ya ardhi. Ombi langu kwa wanaosimamia maabara zetu ni moja: mhudumu anayechanganya jiki, mpokea sampuli wa dirishani na fundi wa mabomba wachanjwe, wafunzwe na wasikilizwe sawa na mtafiti, na wawe na mamlaka ya kusimamisha kazi wakiona kasoro. Mhudumu akisoma tarehe kwenye dumu na kusema "hii imekwisha", anakuwa anaulinda mtaa mzima wa Temeke. Apewe nguvu ya kusikika.