Kutoka Uruk hadi Heru: Uhakiki wa Matumizi ya Mwanzo 10 katika Kueleza Asili ya Watawala wa Buha

Sehemu hii inahakiki namna sura moja ya Biblia ilivyotumiwa kueleza asili ya utawala katika Buha. Mwanzo 10:10 inautaja mji wa Ereku kuwa miongoni mwa miji ya kwanza ya Nimrodi, mwana wa Kushi, mwana wa Hamu. Ereku ndiyo Uruk ya Wasumeri, kusini mwa Iraki ya leo. Huko yalifukuliwa mabamba ya udongo yenye maandishi ya kale sana, ya takribani mwaka 3300 KK. Katika visasili, Uruk ni mji wa Gilgamesh, ambaye orodha ya wafalme wa Sumeri inampa miaka 126 ya kutawala. Wanazuoni hawaichukui miaka hiyo kuwa hesabu ya kalenda. Huisoma kama lugha ya kumtukuza mfalme, kisha huilinganisha na ushahidi wa mabamba na magofu.

Masimulizi ya Buha hayakusomwa kwa uangalifu huo. Jina la Hamu, kutoka sura hiyohiyo, lilizaa dhana ya "Wahamiti". Speke (1863) alidai kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walitoka Ethiopia, naye Seligman (1930) akaipa dhana hiyo sura ya kitaaluma. Kwa mkabala huo, falme za Heru (Kasulu) na Muhambwe (Kibondo) zilionekana kuwa kazi ya wafugaji wageni waliowakuta wakulima wasio na dola.

Mkabala huo una udhaifu wa aina mbili. Kwanza, unayachukua masimulizi ya ujio wa mwami kuwa taarifa ya safari, ilhali kazi yake mojawapo ni kuhalalisha utawala. Pili, unawanyamazisha bateko, wasimamizi wa matambiko ya ardhi, ambao mamlaka yao hayakutokana na mwami. Wagner (1996) anawapa bateko nafasi hiyo, na hapo ndipo simulizi la ikulu linapopata simulizi la kulipima.

Hata hivyo, kukanusha uhamaji wote ni kosa la upande wa pili. Buha inapakana na Burundi, na watu na mifugo wamevuka mpaka huo vizazi kwa vizazi. Simulizi kuwa na dhima ya kisiasa hakuthibitishi kwamba hakuna aliyehama.

Ulinganishi huu una mpaka wake: Uruk ina mabamba, ilhali Heru inategemea zaidi kumbukumbu za mdomo. Kwa hiyo kipimo kinachofaa Buha ni kulisoma simulizi la mwami sambamba na la bateko. Suala hili si la vitabuni tu. Kasulu ina kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996, na kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya 2015. Katika mazingira hayo, nadharia inayomwita mtu mgeni kwa nasaba ya Hamu inaweza kumgharimu mtu huyo haki yake.