Jina Bila Ubini: Majazi katika Riwaya za Kusini mwa Marekani

Aghalabu majina ya kikale ya Kusini mwa Marekani huchukuliwa kuwa pambo tu: yana mahadhi na yanachekesha. Katika The Hamlet (1940) ya William Faulkner, mtoto wa ukoo wa Snopes anaitwa Wallstreet Panic kwa matumaini kwamba jina hilo litamtajirisha. Majazi haya ni ya kejeli, na msomaji ana haki ya kucheka.

Hata hivyo, kicheko hakitoshi. Katika To Kill a Mockingbird (1960) ya Harper Lee, watu wawili wanaowalea watoto walewale wana majina ya Kirumi. Atticus, wakili Mzungu, ana jina la rafiki wa Cicero. Calpurnia, mpishi Mweusi, ana jina la mke wa Kaisari. Lakini Atticus ana ubini, Finch. Calpurnia hapewi ubini katika riwaya nzima, ilhali msimulizi, Scout, anaieleza nasaba ya akina Finch tangu Simon, mhenga wao.

Pengo hili lina historia. Wamiliki wa watumwa waliwaita watu wao Caesar, Pompey na Cato, na kwa kawaida hawakuwaandikia ubini katika daftari za mali. Jina la fahari kwa asiye na mamlaka lilikuwa dhihaka.

Jina jema hung'ara gizani, walisema wahenga. Mhakiki anayevutiwa na mng'aro huo hana budi kuuliza pia ni nani aliyelitoa jina lenyewe.