Soda kwa Anayeiomba

Sheria SB 1192 ya jimbo la California, Marekani, iliyotiwa saini na Gavana Jerry Brown mwaka 2018 na kuanza kutumika Januari 2019, haikupiga soda marufuku. Iligusa kinywaji kinachoandamana na mlo wa watoto pale mteja asipotaja kingine. Hicho sharti kiwe maji, hata yenye gesi au ladha, mradi hayakutiwa sukari wala kiongeza utamu kingine. Au maziwa yasiyo na ladha. Au maziwa ya mimea yasiyozidi kalori 130. Mji wa Davis, jimboni humo, ulitangulia na sheria kama hii mwaka 2015.

Nguvu ya mbinu hii ni kwamba mzazi aliyechoka, foleni ikimsubiri nyuma, hupokea anacholetewa. Disney ilipanga hivyo katika migahawa ya bustani zake tangu 2006, na watafiti waliopima mauzo ya Walt Disney World walikuta takriban theluthi mbili ya wateja wamekubali kinywaji bora kilichowekwa tayari. Hakuna aliyehubiriwa, na aliyetaka soda aliipata.

California mambo yalikwama kaunta. Watafiti walitembelea migahawa ya maeneo ya kipato cha chini kabla na baada ya sheria. Mabango ya menyu yaliyoonyesha vinywaji hivyo peke yake yalipanda kutoka karibu 10% hadi 66%, mafanikio makubwa kabisa. Lakini wahudumu waliovitaja hivyo tu kwa mdomo walikuwa wachache mno, na walibaki wachache. Chini ya theluthi moja ya mameneja waliohojiwa walikuwa wanaijua sheria yenyewe! Hapo swali moja la keshia, “Mtoto atakunywa nini?”, linatosha kubomoa kila kitu: linamrudishia mzazi kazi ya kuchagua, na mtoto aliye pembeni anawahi kujibu.

Adhabu nayo ni nyepesi. Kosa la kwanza ni onyo. La pili ndani ya miaka 5 ni faini isiyozidi dola 250, na baada ya hapo isiyozidi dola 500. Kwa mgahawa mkubwa hilo halitishi.

Wabunge watakaoiga sheria hii waandike ndani yake hata maneno ya mhudumu: “Mlo huu unakuja na maji au maziwa.” Waweke pia masharti ya skrini za kuagizia, na wakaguzi wa afya waanze kwa kumsikiliza keshia kabla ya kusoma bango.