Panya Hana Sonona: Maoni Juu ya Istilahi za Maradhi ya Akili

Mfasiri wa taarifa za uchunguzi wa maradhi ya akili kwa kutumia wanyama hushawishika kuandika "panya mwenye sonona" au "panya mwenye skizofrenia". Tunaona kuwa semi hizo zina kasoro, nayo si ya lugha tu.

Sonona ni istilahi nzuri. Imetokana na kitenzi chetu wenyewe, nayo yataja uchungu uliomo moyoni. Lakini uchungu huo hujulikana hasa kwa mgonjwa kuusema, na panya hasemi. Kipimo walichokieleza Porsolt na wenzake mwaka 1977 huonyesha jambo moja: panya aliyetiwa majini huacha kutapatapa, akaelea. Katika miaka ya 1990 wachunguzi wengine waliwapa panya fensiklidini kwa siku kadhaa, nao wakaelea muda mrefu zaidi. Safari hiyo kuelea kulichukuliwa kuwa ishara ya ubutu wa hisia ulio katika skizofrenia. Tendo ni moja, majina mawili. Mfasiri aandikaye "sonona" hapo amekata shauri ambalo maabara yenyewe haijalikata.

Kwa hiyo twapendekeza "panya wa kielelezo cha sonona". Neno "mfano" halifai, kwani "mnyama wa mfano" kwetu ni mnyama wa kuigwa. Maradhi mawili yampatapo mtu mmoja yaitwe "maradhi ambatani", pasipo kudokeza kwamba moja limezaa jingine.

Tofauti baina ya kinachoonekana na kinachokisiwa ina uzito zaidi kwa binadamu. Tutazame nyanda za juu za Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015. Kwa tabibu Mtanzania na mkimbizi wa Burundi au Kongo, Kiswahili ni daraja. Mkalimani asikiapo neno la Kirundi "ibisazi" aweza kusema "wazimu". Asikiapo "agahinda", "huzuni". Wazimu ukishatajwa, huzuni huonekana si ugonjwa. Kumbe mwenye skizofrenia aweza kuwa na sonona pia, na hapo hatari ya kujiua huzidi.

Istilahi legelege maabarani humpotosha msomaji. Mbele ya mgonjwa yaweza kugharimu roho. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya, na pasipofaa watukosoe.